Rubaya nayo irudishwe kama Walikale

Tarehe 18 Machi 2025, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikutana Doha mbele ya Emir wa Qatar, wakatoa wito wa kusimamisha vita. Kesho yake waasi wa M23 waliingia Walikale-centre. Sisi wenye ndugu kule tulihesabu vituo vilivyobaki: baada ya Walikale ni Lubutu, na baada ya Lubutu ni Kisangani na mto Kongo. Lakini tarehe 22 waasi wakatangaza kwamba wataondoka, na tarehe 3 Aprili wakaondoka kweli, wakarudi upande wa Masisi. Walisema ni kuonyesha nia njema kwa mazungumzo.

Mji huo haukurudi kwa sababu jeshi letu liliuteka. Hilo ndilo ninaloomba wasomaji wa Afrika Mashariki walitazame vizuri, kwa sababu ndani yake mna somo kuhusu namna vita hivi vinavyoweza kuisha.

Mimi ni mtoto wa Nyabiondo, Masisi. Kabla ya kukimbilia Kisangani nilikuwa nikinunua maharage na viazi milimani na kuvishusha Goma. Katika miaka ya Bisie nilipeleka pia ng'ombe na jibini kwa wachimbaji wa Walikale, safari ya kutembea msituni nyuma ya mifugo. Kwa hiyo nimeijua barabara kwa barieri zake, yaani vizuizi vya kutoza ushuru: nani amekaa wapi, anadai nini, na jetoni (stakabadhi) ya nani inaheshimiwa na nani.

Bisie ni mlima wa kasiterite, madini ya bati, katikati ya msitu. Zamani mchimbaji alibeba gunia la kilo 50 mgongoni kutoka mlimani hadi Ndjingala, kisha mzigo ukapakiwa kwenye ndege zilizokuwa zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo. Kati ya 2006 na 2009 mlima ulikuwa mikononi mwa brigedi ya 85 chini ya Kanali Sammy Matumo, watu waliovaa sare ya serikali lakini hawakutii amri ya mtu wa Kinshasa. Aliyeingia alilipa, aliyetoka alilipa. Leo kampuni ya Alphamin inachimba pale kwa mitambo, na bati yake ni kama asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Wakati M23 wanakaribia, mwanahisa wake mkubwa alikuwa mfuko wa Kimarekani wa Denham Capital. Kampuni ilisimamisha kazi tarehe 13 Machi. Waasi wakatoka mjini tarehe 3 Aprili, siku zilezile ambazo Massad Boulos, mjumbe wa Rais Trump, alikuwa katika ziara yake ya kwanza kwetu. Tarehe 9 Aprili kampuni ikatangaza kwamba inarudi kazini.

Sina barua ya siri mkononi. Nina kalenda, na kwangu inatosha.

Sasa tazama Rubaya, upande wa Masisi. M23 waliichukua mwishoni mwa Aprili 2024. Udongo wa vilima vile hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, ile inayoingia kwenye simu na kompyuta. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba waasi wanakusanya pale kiasi cha dola 800,000 kila mwezi kwa kodi tu, na wakaeleza jinsi koltani inavyovushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Rubaya haina mwekezaji mkubwa wa Magharibi wa kupiga simu. Ina vijana wenye sururu na koleo, na mashimo yanayoporomoka mvua inapokolea. Kampuni ya Kikongo iliyokuwa na haki ya kuchimba pale ni ya Édouard Mwangachuchu, mbunge aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi Kinshasa mwaka 2023. Basi hakuna aliyepiga simu.

Mkataba wa Washington ukasainiwa na mawaziri tarehe 27 Juni 2025, marais wenyewe wakauthibitisha tarehe 4 Desemba, na Rubaya ikabaki mikononi mwa walewale. Siku chache baada ya marais kushikana mikono, M23 wakateka Uvira. Marekani ikakasirika hadharani, na baada ya wiki kadhaa waasi wakatoka katika mji huo, wakisema wamefanya hivyo kwa ombi la Marekani. Ni Walikale tena. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja tumeona kwamba jeshi hili linarudi nyuma pale mkubwa wa nje anapotaka kwa dhati. Tusiambiwe basi kwamba hakuna anayejua bomba linafungwa wapi.

Na si jambo jipya. M23 waliichukua Goma tarehe 20 Novemba 2012. Kabla na baada ya hapo Marekani, Uingereza, Uholanzi, Ujerumani na wengine walizuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda. Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2098 na kuunda brigedi ya kushambulia, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Oktoba ile jeshi letu, na Kanali Mamadou Ndala mstari wa mbele, likaanza kusonga kutoka Kibumba. Tarehe 5 Novemba kila kitu kilikuwa kimekwisha pale Chanzu na Runyonyi. Mashambulizi ya mwisho hayakufika wiki mbili. Watanzania wanaosoma hapa wajue kwamba Goma haikusahau. Lakini wajue pia kwamba ushindi ule ulikuwa na miguu miwili: askari waliopigana kweli, na Kigali iliyobanwa hadi ikaacha kuleta watu na risasi. Mguu mmoja peke yake usingetosha.

Safari hii tumejaribu kusimama kwa miguu ya kuazima tu. Hapa nazungumza na serikali yangu, na nasema kwa uchungu.

Tangu Bunagana ilipoanguka tarehe 13 Juni 2022, Kinshasa imekuwa ikitafuta nani atatupigania. Kwanza kikaja kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, Novemba 2022: Wakenya, Warundi, Waganda, Wasudani Kusini. Rais wetu alitaka wapigane. Wao walikuja kusimama katikati. Watu wa Goma wakaandamana kuwapinga, na Desemba 2023 wakaondoka. Papo hapo ikaingia SADC. Aprili 2024 kombora la mota liliua Watanzania watatu. Januari 2025, vita vilipofika Sake na Goma, Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14. Tarehe 13 Machi 2025 viongozi wa SADC wakakatisha kazi hiyo, na mwisho wa Aprili misafara ya malori yao ikaanza kuondoka kwa kupitia ndani ya Rwanda hadi Chato, Tanzania. Nilipoziona picha zile nilikaa kimya muda mrefu. Kulikuwa pia na wazungu wa kukodiwa, wengi wao Waromania, waliolipwa kwa mwezi fedha ambazo askari wetu hazioni hata kwa mwaka. Goma ilipoanguka, karibu 300 kati yao walisalimisha silaha na kuvushwa mpaka kwenda Rwanda ili warudi makwao.

Siwalaumu waliokufa kwa ajili yetu. Nasema kwamba jeshi la mgeni lina bunge lake, lina bajeti yake, lina akina mama wanaouliza maiti zinarudi lini. Siku mwenyewe akiliita, linakwenda. Mkakati unaosubiri wageni hauna siku ya pili.

M23 na wafadhili wao hawakusubiri mtu. Sisi wa biashara tuliwasoma mapema kuliko majenerali, kwa sababu walianza na barabara zetu. Januari 2023 walichukua Kitshanga: njia ya maharage ya kaskazini ikafungwa. Februari 2024 walishika vilima vya juu ya Sake na kufika Shasha: njia ya Minova ikafungwa, na pamoja nayo mizigo ya Masisi iliyokuwa ikishuka kwa chukudu za mbao na malori ya Fuso kila alfajiri. Baadaye Rubaya, kwa ajili ya fedha. Goma ililishwa na Masisi. Ilianza kukabwa shingo karibu mwaka mzima kabla ya tarehe 27 Januari 2025, siku ilipoanguka. Masisi-centre walishaichukua tarehe 4 ya mwezi huo. Wakati wote huo sisi tulikuwa tunaambiwa kwamba Sake haitaanguka.

Kwetu vijijini waliobaki kupigana, jeshi lilipokimbia, walikuwa vijana wetu. Mei 2022 wakuu wa makundi walikutana Pinga, Walikale, wakakubaliana kuacha kupigana wao kwa wao na kuwakabili M23. Hapo ndipo walipoibuka Wazalendo tunaowajua leo: NDC ya Guidon Shimiray, APCLS ya Janvier Karairi ambayo Nyabiondo ni kwao, CMC ya Domi, na wengine. Nimewajua wengi wa vijana hao wakiwa watoto wa shule. Wapo waliokufa kwa kulinda mama zao, na sitakubali mtu akae hotelini awaite wahuni. Lakini Guidon amewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa tangu 2018, na mahakama yetu wenyewe ilitoa hati ya kumkamata mwaka 2019. Serikali ilimgeuza mshirika bila kumfuta deni lake kwa watu wa Walikale. Ikawapa vijana bunduki bila kuwapa mshahara. Kijana mwenye bunduki asiye na mshahara atalipwa na barabara, na barabara ni mimi, ni yule mama wa mihogo, ni mwenye pikipiki. Nimelipa barieri ya serikali, ya Wazalendo na ya M23 katika safari moja ya kushusha gunia zilezile.

Machi 2025 Rais alitangaza kuongeza maradufu mshahara wa askari na polisi. Ni hatua sahihi, iliyokuja baada ya Goma na Bukavu kuondoka. Fedha za wageni wa kukodiwa zingeingia kwenye mfuko wa askari tangu 2022, na kumfikia kwa jina lake bila kupitia kwa kamanda, labda tungekuwa na kikosi kimoja cha kukaa Kitshanga.

Najua Kigali itajibu: FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda. Ni neno lenye uzito, na sisi wa Masisi hatuna haki ya kulipuuza. Waliokimbia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 waliingia katika misitu yetu, na sisi ndio tuliowabeba kwa damu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi letu linashirikiana nao. Hilo ni aibu na lazima likome. Tena vita vya kwanza nilivyoviona havikuletwa na Kagame: vilianzia sokoni Ntoto, Walikale, Machi 1993, Mkongo akimuua jirani yake kwa sababu ya ardhi na uchifu, kisha vikapanda hadi Masisi. Mtutsi wa Masisi ana hofu ya kweli, na ng'ombe wake walioibwa ni wa kweli. Yote hayo yanahitaji mahakama na kamisaa wa ardhi. Hayaelezi kwa nini wanajeshi wa Rwanda, 3,000 hadi 4,000 kwa makadirio ya wataalamu mwaka 2024, wako kwenye ardhi yetu, na hayaelezi hata kidogo koltani ya Rubaya.

Hatua kadhaa zimechukuliwa. Februari 2025 Baraza la Usalama, katika azimio 2773, liliitaja Rwanda kwa jina na kuitaka iondoe majeshi yake. Marekani ilimwekea vikwazo Jenerali James Kabarebe. Uingereza na Ujerumani zilizuia baadhi ya misaada. Hata hivyo, ule mkataba wa madini ambao Umoja wa Ulaya uliusaini na Rwanda Februari 2024, wiki zilezile Sake ikipigwa makombora, haukufutwa, na walanguzi wanajua maana yake.

Ninachodai ni kitu kimoja chenye jina. Walikale ilipewa tarehe ya kurudishwa. Uvira ilidaiwa na ikaachwa. Rubaya nayo iandikwe kwenye mkataba kwa jina, na tarehe pembeni yake. Washington iseme juu ya koltani ya watu wasio na kampuni maneno yaleyale iliyoyasema juu ya Uvira. Serikali za Dodoma, Nairobi na Pretoria, ambazo tayari zimelipa kwa maiti za watoto wao, ziache kuzungumzia "pande zote" na ziulize swali hilo katika kila kikao cha EAC na SADC. Na siku waasi watakapotoka Rubaya, Kinshasa iwe na kikosi cha Kikongo kilicholipwa mwezi uliopita, tayari kuingia, pamoja na jaji na mkaguzi wa madini, na amri ya kung'oa kila barieri kutoka Sake hadi Nyabiondo, za Wazalendo zikiwemo.