Maji ya Ardhini Hayaulizi Mpaka

Mwezi Machi mwaka 2025 ilizinduliwa awamu ya kwanza ya mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, baada ya wananchi kuusubiri kwa miaka mingi. Maji ya mradi huo huvutwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa wakazi wa tambarare za Upare, ambako mvua ni haba kwa sababu milima huikinga isifike, furaha ya siku ile ilikuwa halali kabisa. Hata hivyo, furaha haituondolei wajibu wa kuuliza: maji hayo yalikuwa wapi kabla ya kufika Nyumba ya Mungu, na huko yatokako yanalindwa na nani?

Bwawa hilo hujazwa na mito miwili, Kikuletwa na Ruvu. Ruvu hutoka Ziwa Jipe, lililo nyuma ya milima ya Upare Kaskazini, na ziwa hilo limekatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya. Jipe nalo hulishwa hasa na Mto Lumi, ambao huanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, ukaingia Kenya upande wa Taveta, ukaongezewa maji na chemchemi kama ile ya Njoro Kubwa, kisha ukamwagika ziwani. Kwa maneno mengine, sehemu ya maji tunayoyategemea huzaliwa Tanzania, hupita Kenya, halafu hurudi Tanzania.

Tena mito ni sehemu tu ya habari. Mvua inyeshayo katika misitu ya Kilimanjaro huzama ndani ya miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, na kutokeza mbali sana kama chemchemi. Ushahidi ulio wazi ni Ziwa Chala, ambalo mpaka hupita katikati yake. Ziwa hilo lenye kina kirefu halina mto wa kudumu uingiao wala utokao. Maji yake mengi huingia na kutoka chini ya ardhi. Hiyo ndiyo hali ya miamba yenye maji inayouzunguka mlima mzima. Kisima kirefu kikichimbwa upande mmoja wa mpaka na kuvutwa maji usiku na mchana, chemchemi ya upande wa pili yaweza kupungua, na mwenye chemchemi asijue sababu.

Mpaka wenyewe haukuchorwa na watu wenye kuyajua maji haya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kugawana nchi, walipiga mstari kutoka mdomo wa Mto Umba pwani hadi Ziwa Jipe, kisha wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro. Hatudai mpaka ubadilishwe. Tunasema tu kwamba mstari uliowekwa juu ya ardhi haukugawa kilichomo ndani yake.

Je, sheria inasemaje? Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahesabu maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, kuwa mali ya umma, nayo husimamiwa kwa vibali vya bodi za mabonde. Kwa upande wetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Kenya nayo ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016 na mamlaka yake. Kila sheria ni njema nyumbani kwake. Lakini ofisa wa Moshi hana amri juu ya pampu iliyoko Taveta, wala ofisa wa Kenya hana amri juu ya kisima kilichoko Rombo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ni mbili, na zisiposomwa pamoja ni sawa na kutokuwa na daftari.

Mataifa yamekwisha kulitafakari jambo hili. Tarehe 21 Mei 1997 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba juu ya mito na maziwa ya kimataifa, ambao unayahusu pia maji ya ardhini yaliyoungana na mito hiyo. Kenya ilipiga kura ya kuukubali. Tanzania haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2014. Kabla ya hapo, Desemba 2008, Baraza hilo lilipokea vifungu 19 vilivyotungwa mahususi kwa ajili ya miamba yenye maji ivukayo mipaka. Vifungu hivyo vinatambua mamlaka ya kila nchi juu ya sehemu iliyo ndani ya mipaka yake, lakini vinaitaka itumie kwa haki na kiasi, isimdhuru jirani, ipashane naye habari za vipimo, na imwarifu kabla ya kuanza kazi iwezayo kumwathiri. Havina nguvu ya mkataba. Ni mwongozo, na nchi zimeshauriwa kuwekeana mapatano kwa kuufuata.

Wapo waliokwisha kufanya hivyo. Mjini Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, visima vilivutwa kupita kiasi hata maji ya ardhini yakashuka vibaya. Mwaka 1978 pande mbili ziliwekeana mkataba: tume ya wajumbe sita, watatu kila upande, visima vyenye dira, na gharama za kuyarudishia maji ardhini zikagawanywa. Mkataba huo ulifanywa upya mwaka 2007.

Na sisi je? Mwaka 2013 Tanzania na Kenya zilitia saini hati ya makubaliano juu ya kusimamia kwa pamoja maziwa ya Chala na Jipe na Mto Umba. Tunaipongeza hatua hiyo. Lakini hati ya makubaliano ni ahadi ya nia njema; si sheria ambayo mwanakijiji aweza kuisimamia pale anapodhulumiwa. Wengine watasema hakuna ugomvi, kwa nini tujisumbue? Tunajibu kwamba wakati wa kupatana ni huu ambao hakuna ugomvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji yakipungua, mwenye pampu yenye nguvu ataongeza kina cha kisima chake. Atakayeumia kwanza ni mama mwenye ndoo kichwani, mvuvi wa Jipe, na mkulima wa shamba dogo, wawe wa Tanzania au wa Kenya. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa suala la haki na amani, wala si la mafundi peke yao.

Wapare hatuhitaji kufundishwa na wageni maana ya kugawana maji. Wazee wetu walijenga ndiva milimani, wakayakinga maji usiku na kuyafungulia mchana kwa zamu. Wa juu hakuruhusiwa kumaliza maji ya wa chini, na siku ya msaragambo kila mtumiaji alitoka na jembe lake kuzibua mfereji. Ndiva ilikuwa na kipimo kinachoonekana kwa wote, zamu inayojulikana, kazi ya pamoja, na mahali pa kupeleka malalamiko. Maji ya mpakani yanahitaji mambo hayohayo manne.

Kwa hiyo tunaziomba Serikali zetu mbili zigeuze hati ya 2013 kuwa mkataba kamili, utakaotaja waziwazi maji ya ardhini. Uwepo uorodheshaji mmoja wa visima virefu na vipimo vyake, wazi kwa wananchi. Kisima kikubwa kisipewe kibali kabla jirani hajaarifiwa. Maji ya kunywa yatangulie matumizi mengine. Na vijiji vya pande zote mbili viwe na wajumbe katika chombo kitakachoundwa.

Nasi tusijione kuwa wadai tu. Misitu ya Kilimanjaro inayoyaingiza maji ardhini iko mikononi mwetu, na Mto Umba hutoka Usambara kwetu kwenda kwa ndugu zetu wa Vanga nchini Kenya. Tukikata misitu na kuyamaliza maji ya juu, tutamdai jirani kwa uso gani?

Ndugu Msomaji, mwulize diwani wako na mbunge wako kama wanaifahamu hati hiyo ya mwaka 2013 na imefikia wapi. Hali kadhalika, wajumbe wetu katika Bunge la Afrika Mashariki lililoko Arusha wapelekewe swali hilo kwa barua, lenye sahihi za wanakijiji wa Same na wa Mwanga, na ikiwezekana za wenzetu wa Taveta pia.