Pua si urembo, pua ni pumzi

Tumechoka na neno moja: urembo.

Mwenzetu, kijana wa Kivu Kusini, alivunjwa pua kwa kitako cha bunduki akiwa njiani kukimbia. Alipofika hapa Uganda akafanyiwa upasuaji. Karatasi ya kukubali aliisaini kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma. Leo pua imelala upande, tundu moja limeziba, usiku anapumua kwa mdomo, na vumbi la kiangazi linamkausha koo. Ameomba rufaa arekebishwe. Jibu? "Hiyo ni ya urembo." Majirani nao: "Umepona bunduki, sasa unataka pua ya sinema?"

Jamani, kupumua kumekuwa urembo tangu lini?

Hatusemi kila mtu akimbilie kisu. Tuambiane ukweli: upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Ndani kuna makovu, na ule mfupa laini wa katikati ya pua ukiwa umeshatumika, daktari hulazimika kuchukua mwingine sikioni au ubavuni. Uvimbe nao unashuka polepole, ndiyo maana madaktari wengi husema subiri kama mwaka 1. Mwenzetu alipofika mwezi wa 4 alitaka kukopa hela aende kliniki ya bei rahisi mjini. Tulikaa naye usiku mzima tukimwomba avumilie.

Sasa ni miezi 14. Bado hajaamua, anaogopa kulala tena kwenye kile kitanda. Woga huo ni haki yake. Ambacho siyo haki ni karani kumwamulia kabla hata mtu hajamchungulia ndani ya pua.

Ninyi mnaofanya kazi za misaada, tunaomba mambo 3. Daktari wa masikio, pua na koo amwone kwanza. Kwenye faili iandikwe shida anayoisema mwenyewe: hapumui vizuri. Na mkalimani awepo kabla ya kalamu.

Ninyi vijana wenzetu, msisaini kabla ya kuuliza: Nini kimeziba? Mfupa mtatoa wapi? Ikienda vibaya, nani atanifuatilia?

Akikubali, tutamsindikiza. Akikataa, tutamheshimu. Lakini aamue yeye, kwa lugha anayoielewa. Pua ni yake, na pumzi ni yake.