Ajali na Uzembe

Neno ajali lilitujia kutoka Kiarabu likibeba maana ya muda wa kufa uliokwisha kupangwa. Huenda ndiyo sababu wengi huridhika kusema kwamba ajali haina kinga. Sheria ya Kenya haikubaliani nao. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya kuelekea harusini lilisombwa na Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Dereva alilaumiwa kwa kuingia majini. Je, barabara isiyo na daraja haikuwa na hatia?

Swali hili lina uzito wa fedha. Bima ya lazima humlipa mhasiriwa pale tu uzembe wa dereva unapothibitishwa, na mahakama hugawa lawama kwa asilimia. Tena, anayemshtaki dereva kwa uzembe ana miaka 3. Anayeishtaki Serikali, miezi 12 pekee. Mjane wa Makueni aliyempoteza mumewe katika barabara kuu ya Mombasa, tuseme pale Salama au Emali, huambiwa na waombolezaji kwamba ni kazi ya Mungu. Miezi nayo huyoyoma.