Kuta Nazo Zina Lawama

Wahenga walisema, "Debe tupu haliachi kuvuma." Mithali hiyo yatuhusu sisi wakazi wa Voi kuliko tudhanivyo.

Mji wetu ulikulia njiani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa, na leo malori ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita usiku na mchana. Watu wakiudhika kwa kelele huwalaumu madereva na wapiga debe peke yao. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya haki.

Simama katika uwanda wazi wa Tsavo lori likipita: sauti hutawanyika, ikafifia. Lori lilo hilo likipita kati ya maghorofa yaelekeanayo, sauti hugonga ukuta wa kuume, ikarudishwa kwa ule wa kushoto, ikarudishwa tena, hata mpitaji akasikia mvumo mmoja mzito. Ukuta mgumu na laini, wa kioo, wa vigae au wa lipu, huirudisha sauti karibu yote. Ukuta wenye vipenyo, nguzo na roshani huivunja na kuitawanya. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, roshani za mbao zilizochongwa hutokeza juu ya njia. Hazikujengwa kwa ajili ya kelele. Lakini nyuso zake si bapa, basi hazirudishi sauti kwa mkupuo mmoja.

Wako wasemao, "Ukuta ni wangu, nitaujenga nipendavyo." Sivyo. Upande wa ndani ni wako. Uso wake ni wetu sote tupitao. Wengine husema kioo ndicho maendeleo. Ni maendeleo gani yamlazimuyo mwalimu kupaaza sauti darasani, na mgonjwa kukesha?

Mwaka 2009 serikali ilitunga kanuni za kuzuia kelele, zikaweka mipaka ya mchana na ya usiku. Ni jambo jema. Lakini kumkamata apigaye kelele hakutoshi, ikiwa twajenga kuta za kumsaidia.

Sisemi kwamba ukuta mwema utalinyamazisha lori. Hautalinyamazisha. Nasema usiliongezee sauti.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa waashi, wachoraji wa majengo, na madiwani. Siku hiyo msiyaulize macho peke yake kama nyumba ni nzuri. Yaulizeni na masikio.