Mizani ya Kliniki Siyo Ligi

1.
Mama zangu na wadogo zangu wa Buguruni, wa Malapa, wa Kwa Mnyamani! Leo simvishi mtu kilemba cha ukoka. Atakayenuna anune, kliniki tutaonana tu.

2.
Pale kwenye benchi mnaanza vizuri. Mnapishana nafasi, mnashikiana watoto. Mtoto akishuka kwenye mizani ndo balaa linaanza. "Wako kilo ngapi?" "Saba." "Eh! Wangu miezi mitano hiyohiyo, ana tisa." Basi. Mama aliyekuja anacheka na mwanawe anaondoka kichwa chini, hata kumbeba mgongoni anambeba kwa hasira. Mtoto kakosa nini? Mwezi jana alikuwa na sita na nusu, anakua vizuri kabisa. Kosa lake hajamshinda wa jirani.

3.
Ligi yenyewe inachezwa nyumbani. Hajafika miezi sita, ameshaanzishiwa uji ili "ajaze". Jamani, miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Uji unamjaza tumbo, ananyonya kidogo, na maziwa yako nayo yanapungua. Kikombe kikiwa na uchafu, anaharisha. Mwezi ujao kilo zimeshuka, halafu mnaniangalia mimi kama nimeharibu mizani.

4.
Ligi ya pili ni ya kutembea. "Wangu katembea na miezi tisa." Hongera. Sasa sikiliza. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walianza kutembea wenyewe kuanzia miezi 8 hivi mpaka karibu 18, na wachache hawakutambaa kwa magoti kabisa. Wote wazima. Akifika miezi 18 hajatembea, mlete tumwone. Kabla ya hapo unamkimbiza aende wapi?

Na hicho kigari cha magurudumu mnachomtumbukiza ili awahi, hakimfundishi kutembea. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuumia. Sasa fikiria nyumba zetu: wapangaji sita uani, majiko ya mkaa matatu chini, sufuria la maharage linachemka, na mtoto kapewa magurudumu.

5.
Najua mtanijibu, "Nesi, hapa ni mjini, usipokuwa mkali unaliwa." Kweli. Hata mimi napenda kushinda, siku ya Simba na Yanga sikaliki. Lakini niambie, kwa nini unakaa dakika 90 zote? Kama raha ingekuwa matokeo tu, ungelala, kesho ukauliza wangapi kwa wangapi. Unakaa kwa sababu mpira wenyewe ni mtamu. Sasa mtoto anasimama kwa kushika kigoda, anatetemeka, anakaa kwa makalio puu! anacheka, anakutazama usoni. Na wewe umekunja sura: "Simama! Mwenzio wa chumba cha pili anakimbia!" Hajui kama kuna mashindano. Anachokiona ni kwamba mama hajafurahi.

Mwezi huo wa kushika kigoda ni mmoja tu. Ukishapita, hata uwe na hela za Kariakoo nzima huununui.

6.
Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023 wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wanafunzi wakubwa wameondolewa kwenye orodha ya nani wa kwanza. Wewe umemweka wa miezi saba!

7.
Sisemi uache kutaka ushindi. Mama asiyetaka mwanawe afike mbali simjui. Nasema chagua wa kushindana naye. Fungua kadi. Mtoto wako ana mstari wake. Mpinzani wake ni yeye mwenyewe wa mwezi jana. Mstari ukipanda, umeshinda, hata kama wa jirani ni bonge. Ukilala au ukishuka, njoo haraka, usione aibu, usisubiri tarehe. Na mwenye mtoto wa kilo tisa, kadi yako nayo tunaisoma hivyohivyo. Unene si kombe.

Ukitaka ubingwa, huu hapa: chanjo zote kwa tarehe zake, ya surua na rubela miezi 9 na usisahau ya pili miezi 18. Huko mkimbizane mpaka mchoke, nitawapigia makofi.

8.
Kazi ya leo jioni, na baba yumo. Tandika mkeka, weka simu ndani, kaa na mtoto muda wa chai ya kikombe kimoja. Usimfundishe kitu. Mwangalie anavyojaribu, akianguka cheka naye. Bibi akiuliza, "Huyu hajatembea tu?" mjibu kwa adabu: "Bado, bibi. Njoo ukae, tunamtazama anavyojifunza."

Na kliniki ijayo, ukitaka kumuuliza mwenzio "wako kilo ngapi", muulize "wako siku hizi anapenda nini?" Uone benchi zima litakavyoongea.

Sehemu ijayo nakuja na uji wa baada ya miezi sita. Mama mkwe naye asome.