Genting ya Malaysia: Je, Yatosha Kumzuia Muislamu Mlangoni?



Swali hili hutujia mara kwa mara: ikiwa kasino ni ya wageni tu na Muislamu haruhusiwi kuingia, ubaya uko wapi? Wanaouliza huitolea mfano Malaysia. Basi na tuutazame mfano wenyewe.

Genting Highlands iko mlimani, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, si mbali na Kuala Lumpur. Mwenye fikra hiyo alikuwa mkandarasi wa Kichina, Lim Goh Tong. Kampuni iliundwa mwaka 1965, na mshirika wake alikuwa Muislamu, Haji Mohamed Noah Omar, Spika wa mwanzo wa Dewan Rakyat, yaani baraza la chini la Bunge lao. Walichonga barabara msituni kwa miaka. Tarehe 31 Machi 1969 Waziri Mkuu Tunku Abdul Rahman aliweka jiwe la msingi la hoteli, na serikali ikatoa leseni ya kasino. Tunku huyo huyo ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mwanzo wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1971. Leo jengo moja tu hapo, First World, lina vyumba 7,351, na Guinness imelitambua kuwa hoteli kubwa kuliko zote duniani kwa idadi ya vyumba.

Muislamu haruhusiwi kukaa kwenye meza ya kamari, kweli. Lakini kodi ya kasino huingia katika hazina ile ile inayowahudumia Waislamu. Familia zao hupanda mlimani kwa baridi na michezo ya watoto, na ukumbi uko hapo hapo. Kwenye mteremko upo msikiti wenye jina la Haji Mohamed Noah. Hatumhukumu marehemu, hesabu yake iko kwa Mola wake, lakini msikiti hauihalalishi kamari iliyo juu yake.

Wenyewe Wamalaysia hawajatulia na jambo hili. Jimbo la Kedah limekataa kuhuisha leseni za maduka ya kamari.

Faida ipo, hatuikatai: ajira, barabara, fedha za kigeni. Suratul Baqara, aya ya 219, yenyewe imetaja manufaa ya kamari kisha ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo anayekuja na hesabu za mapato hajaleta hoja mpya. Na mwenye kutoa leseni hawezi kusema hakucheza. Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi.

Ama kijana aliyeajiriwa hotelini: kugawa karata, kuuza vibandiko vya kuchezea au kupeleka vinywaji ukumbini humo ni haramu, hata kama yeye hachezi. Anayefua mashuka au kutunza bustani katika hoteli yenye ukumbi huo, hali yake ni nyepesi zaidi, ila tunamnasihi atafute pengine huku akiendelea kulisha wanawe, wala asiache kazi leo watoto wakalala njaa kesho.

Wallahu a'lam.