KAZI YA POLISI SI BIDHAA YA SOKONI

Wananchi wa Migori na Homa Bay,

Kila zinapotangazwa nafasi za makurutu, wakubwa hurudia lalamiko lile lile: eti vijana waliosoma hawaitaki kazi ya polisi, wala ya zimamoto, wala ya kuwahudumia majeruhi. Sisi twasema hilo si kweli. Nenda uwanjani alfajiri ya siku ya usajili, iwe Rongo au Kehancha, Oyugis au Mbita. Utawakuta vijana wengi, vyeti mkononi, wamevua viatu, wakingoja kukimbizwa. Wanaitaka kazi. Kinachowarudisha nyumbani si uvivu. Ni mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa watu.

Tukumbuke tulikotoka. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, vyama vilirudi lakini polisi walibaki wale wale. Hadi mageuzi ya 1997, mkutano wa upinzani ulihitaji leseni ya serikali, na waliokutana bila leseni walitawanywa kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba vyama vingi chini ya polisi wa mtu mmoja ni kiini macho. Baada ya damu ya 2007 na 2008 jopo la Jaji Philip Ransley likapendekeza mageuzi mwaka 2009, na Katiba ya 2010 ikayapa nguvu. Kifungu cha 246 kiliunda tume ya huduma ya polisi, kikaipa kazi ya kuajiri, kikaagiza pia kwamba polisi wawe na sura ya maeneo na makabila yote ya nchi. Kwa lugha yetu ya hapa, Mkuria wa Kehancha, Mluo wa Awendo na Msuba wa Mfangano wote wana haki ya kuhesabiwa.

Je, ahadi hiyo imetimizwa? Mwezi Julai 2014 walisajiliwa makurutu 10,000 nchini kote. Malalamiko ya hongo na upendeleo yalizidi hata IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ikaenda mahakamani. Oktoba 31 mwaka ule Jaji Isaac Lenaola aliufuta usajili wote. Mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba tume iliwaachia wengine kazi iliyopewa na Katiba. Mwaka 2022 likaundwa jopo jingine, la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, nalo likakuta rushwa ingali imeota mizizi katika uajiri. Kisha Oktoba 2025 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba kuwasajili makurutu si kazi ya tume hata kidogo, bali ni ya Inspekta Jenerali. Mwezi uliofuata vijana wakaitwa viwanjani tena, kuwania nafasi 10,000 nyingine.

Hatubishani na mahakama. Tunauliza tu: kijana wa Nyatike aliyeshinda mbio, akatimiza kimo na alama, kisha akaona jina la mwingine likisomwa, akalalamike wapi? Mwaka 2014 tume ililaumiwa kwa kuigawa kazi yake. Mwaka 2025 ikaambiwa kazi hiyo haikuwa yake. Wakubwa wakivutana juu ya kalamu ya kuajiri, mwenye pesa hupita katikati yao. Penye udhia, penyeza rupia.

Wako watakaosema kwamba hongo ya usajili ni kosa dogo. La hasha. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mwanawe apelekwe Kiganjo amempa mtoto deni kabla ya kumpa kofia. Deni hilo litalipwa na nani? Litalipwa na dereva wa matatu kizuizini, na mama muuza samaki, na mshukiwa anayetafuta dhamana ambayo kisheria ni ya bure. Aliyeingia kwa barua ya mkubwa naye atalipa kwa njia nyingine: siku ya uchaguzi atamtazama mkubwa wake, hataitazama sheria. Aliyeinunua kazi ataiuza haki.

Na jina la kazi lenyewe limechafuka. Juni 7, 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa hapa hapa Homa Bay kwa sababu ya maandishi mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali. Alisafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo cha Polisi cha Central, Nairobi. Kufikia siku ya pili alikuwa maiti. Polisi walidai kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyopatana na dai hilo, na maafisa wa polisi ni miongoni mwa waliofikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, wakalikana. Hukumu tunawaachia majaji. Lakini ni mzazi gani mwenye binti hodari wa masomo atakayemshauri avae sare hiyo? Matangazo ya redioni hayatamvutia. Atavutwa siku atakapoona kwamba afisa anayeua huadhibiwa, na afisa mwadilifu hupandishwa cheo bila kumjua mtu.

Zimamoto na ambulensi haziko Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti, na Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Tazameni mahitaji yetu: malori ya barabara ya Isebania, mashimo ya dhahabu ya Macalder, mashamba ya miwa ya Awendo na Ndhiwa, wavuvi na wajawazito wa visiwani ambao hospitali yao iko ng'ambo ya maji. Gari jipya huzinduliwa kwa vigelegele na picha. Lakini gari lisilo na mhudumu aliyefunzwa kuzuia damu na kumsaidia mgonjwa kupumua ni teksi yenye king'ora. Kazi hizi zisigeuzwe shukrani kwa waliopiga debe wakati wa kampeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziwaendee watu wasiotoka katika kabila lenye wengi. Na iheshimiwe.

Tunajua hoja ya upande wa pili: kwamba kudai zaidi ya alama ya D+ kutawafungia nje watoto wa maskini. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini mtoto wa maskini anaweza kuipata alama bora kwa jasho lake. Laki za hongo hawezi kuzipata kabisa. Anayemtetea na aanze kwa kuiondoa hongo.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Matokeo ya kila uwanja, yaani mbio, kimo na alama za shule, yabandikwe hadharani siku ile ile, pamoja na sababu za kila aliyekataliwa.

2. Walimu, viongozi wa dini na wajumbe wa vyama vyote waruhusiwe kushuhudia usajili.

3. Bunge liondoe utata kuhusu mwenye mamlaka ya kuajiri, na liweke mahali pa rufaa panapofikika na mwananchi wa kawaida.

4. Bodi za utumishi za Migori na Homa Bay zichapishe idadi ya wazimamoto na wahudumu wa ambulensi, mafunzo yao na vituo vyao.

5. Wanaohatarisha maisha kwa ajili yetu wapewe nyumba zenye staha, bima na fidia.

Wazazi, msitoe hata senti. Vijana, andikeni mliyoyaona uwanjani, tarehe na mahali, mtuletee. Tulishinda leseni za mikutano kwa kukataa kunyamaza. Hili nalo tutalishinda vivyo hivyo.